Rangi Mpya Inapokataa Kushika: Utatuzi wa Matatizo ya Kubandua na Kupaka Upya Vipuri vya Pikipiki za Zamani Pwani ya Kusini

Katika mabanda ya Mikindani, katika stoo za Masasi na Nachingwea, na uani mwa nyumba nyingi za Lindi mjini, kusini mwa Tanzania, bado zimo pikipiki za enzi ambapo mwenye pikipiki alijulikana kijiji kizima: Honda Super Cub, ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1958, Honda CG125 iliyofuata mwaka 1976, na ndugu zao wa Yamaha na Suzuki wenye injini ndogo. Wanaozirithi hutamani kuzirudishia sura yake, na wengi huanza kwa ari: wanabandua rangi ya zamani, wanapuliza mpya, wanapiga picha, kisha baada ya masika moja tangi linatoka malengelenge na fremu inachungulia kutu.

Malalamiko yanayonifikia karibu yote huilaumu rangi. Mtu husema kopo lilikuwa bovu au fundi alichanganya vibaya. Mara nyingi, hata hivyo, kosa lilikwisha kutendeka kabla kopo halijafunguliwa, kwa sababu chini ya rangi kulibaki chumvi, unyevu, mafuta au masalia ya dawa ya kubandulia. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili ambazo macho yanaziona, na katika kila dalili nimetanguliza sababu iliyo ya kawaida zaidi pamoja na ukaguzi usiohitaji fedha, ndipo nikafuata na matengenezo mazito.

Kwanza, ijue metali iliyo mkononi

Sehemu hii si dalili, lakini nusu ya hasara ninazozifahamu zilianzia hapa. Dawa inayofaa kwa chuma inaweza kukimaliza kipuri cha alumini kwa dakika chache, na dawa inayofaa kwa alumini inaweza kukunja plastiki kama karatasi iliyoloa. Chukua sumaku ndogo. Ikishika, hicho ni chuma: fremu, tangi, madigadi mengi, rimu za kawaida. Isiposhika na kipuri ni chepesi, yaelekea ni alumini, kama vifuniko vya injini na vitovu vya magurudumu. Kabureta za zamani mara nyingi zimemiminwa kwa aloi ya zinki, nayo huliwa na asidi na huliwa pia na kostiki soda, kwa hiyo kabureta haitumbukizwi katika kimojawapo. Ukishuku kwamba kifuniko ni cha magnesi, kikwangue kidogo mahali pasipoonekana na udondoshee tone la siki; magnesi hutoa povu mara moja, alumini haifanyi hivyo. Vumbi la magnesi huwaka moto ambao maji huuchochea, na kipuri cha namna hiyo kinapaswa kupelekwa kwa mtu aliyezoea metali hiyo. Tena, ngao ya miguu ya Super Cub ni ya plastiki tangu toleo la kwanza, ijapokuwa ikishapakwa rangi mara tatu huonekana kama bati. Usiiguse kwa dawa ya kubandulia.

Tahadhari mbili zinahusu kazi nzima. Rangi za miaka ya nyuma, hasa nyekundu, njano na rangi ya machungwa, huenda zina madini ya risasi. Marekani ilizuia rangi za nyumbani zenye madini hayo mwaka 1978, lakini rangi za vyombo vya moto hazikuguswa na zuio hilo. Kwa sababu hiyo, rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, kusanya tope lake, na usifanye kazi hiyo mahali watoto wanapocheza au kuku wanapochokora. Ya pili ni vumbi lililo ndani ya kitovu cha gurudumu: breki za zamani ziliweza kutengenezwa kwa asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa. Liloweshe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa, kisha kitupe kitambaa hicho kikiwa kibichi ndani ya mfuko uliofungwa.

Dalili: dawa ya kubandulia imepakwa, rangi ya zamani haijatikisika

Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoikuta mara nyingi, ni kwamba dawa imekauka kabla ya kufanya kazi. Dawa hizi huingia katika rangi zikiwa mbichi, na jua la Mtwara pamoja na upepo wa kusi huzikausha kwa dakika kumi. Paka kivulini, paka tabaka nene kwa kuelekeza brashi upande mmoja bila kurudia rudia, kisha funika kipuri kwa karatasi la nailoni. Dawa za siku hizi zisizo na methilini kloridi (kiyeyushi kikali cha dawa za zamani) hufanya kazi polepole, na zinaweza kuhitaji saa kadhaa au usiku mzima, hivyo anayezikwangua baada ya robo saa anazionea.

Sababu ya pili ni wingi wa matabaka. Pikipiki iliyopitia mikono ya watu wanne ina rangi za watu wanne, na dawa hutoa tabaka moja au mawili kwa kila awamu. Kwangua lililolainika kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, kisha rudia. Ikiwa uso unang'aa na hauonyeshi dalili ya kulainika, uchane kwa msasa namba 80 wenye maji ili dawa ipate mlango.

Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida kwa pikipiki za zamani lakini ipo, ni rangi ya unga iliyookwa katika tanuri, ambayo mmiliki wa kati aliiweka. Hiyo haitoki kwa urahisi, na kuilazimisha ni kupoteza fedha.

Kwa vipuri vya chuma peke yake, mafundi wetu hutumia kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Inabandua rangi za mafuta vizuri sana ikiwa kiasi cha gramu 50 hadi 100 katika lita moja ya maji. Soda ndiyo itiwe polepole katika maji. Ukimimina maji juu ya soda, mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu za mpira na miwani ya kufunika macho yote. Usitumie sufuria, kwa sababu sufuria zetu ni za alumini, na kostiki soda huila alumini huku ikitoa joto na gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ndoo ngumu ya plastiki inafaa. Soda ikikurukia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Nalisema jingine kwa msisitizo kuhusu dawa za zamani zenye methilini kloridi, ambazo bado hupatikana katika makopo yasiyo na maelezo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ndani ya chumba kilichofungwa, na mwilini hugeuka kuwa kaboni monoksidi. Watu wamefariki wakizitumia ndani ya vyumba vidogo. Ukihisi kizunguzungu au kichwa kizito, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Toka nje, na dalili zikiendelea, muone daktari na umwambie ulichokuwa unatumia.

Moto usitumike kubandua rangi ya tangi. Tangi linaloonekana tupu lina mvuke wa petroli, na mvuke huo ndio unaolipuka.

Dalili: chuma kimebanduliwa asubuhi, jioni kimekuwa chekundu

Hii ni kutu ya haraka, na mwambao wetu unaizalisha kuliko sehemu nyingi. Sababu ya kawaida ni maji ya kusuuzia kukauka polepole katika hewa yenye unyevu. Inafuata jasho la mikono, maana alama za vidole huonekana wazi kama muhuri baada ya siku moja. Ya tatu ni mabaki ya asidi.

Ukaguzi ni kufuta kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi ya machungwa hafifu na chuma chini yake ni laini, kipige msasa namba 180, kifute kwa tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi), kianike juani mpaka kiwe cha moto mkononi, kiache kipoe kidogo, kisha upulize praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, siku hiyo hiyo. Chuma kitupu hakilali nje Mtwara. Ikiwa huna muda wa kupaka praima leo, usikibandue leo.

Kama kutu imechimba vishimo, msasa utasafisha vilima na kuacha mabonde. Hapo asidi ya sitriki inasaidia: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, kipuri kikilowekwa kwa saa kadhaa huku ukikitazama. Bibi zetu walisafisha shaba kwa ukwaju, na asidi iliyomo hufanya kazi hata kwenye kutu nyepesi, lakini ukwaju una sukari na nyuzi ambazo zisiposuuzwa vizuri hubaki chini ya rangi. Baada ya asidi yoyote, suuza, tuliza kwa maji yenye magadi soda kidogo, suuza tena, kisha kausha kwa joto.

Wapo wanaotumia maji ya betri au dawa ya kusafishia choo. Siwashauri. Mvuke wa dawa ya choo peke yake hutosha kushikisha kutu kila spana iliyomo chumbani, na kloridi yake hubaki katika viungio. Maji ya betri huunguza ngozi, na katika vyuma vigumu kama springi na bolti za ekseli, asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma na kukifanya kivunjike ghafla siku za baadaye bila kupinda kwanza. Springi ya shokapu au bolti ya gurudumu iliyowahi kulowekwa katika asidi kali isirudishwe barabarani.

Ukibandua rangi na kukuta mstari mwembamba mweusi karibu na shingo ya usukani au kwenye maungio ya fremu, simama. Huo unaweza kuwa ufa uliokuwa umefichwa na rangi, na kuujaza bodifila, ile lipu ya kusawazishia mabonde, ni kumwekea mpanda pikipiki mtego. Mtafute mchomeleaji mwenye uzoefu wa fremu. Hali kadhalika, eneo lenye namba ya chasisi lisipigwe gurudumu la kusagia wala mchanga. Litie dawa, lisugue kwa brashi laini, na ulipake rangi nyembamba ili namba isomeke.

Dalili: malengelenge baada ya wiki au miezi

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo dalili inayorudi kuliko zote katika Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko na kila mahali ambapo bahari inasikika usiku.

Toboa lengelenge moja kwa sindano kabla ya kuamua lolote. Likitoa kiowevu na chuma chini yake kina madoa, mtuhumiwa wa kwanza ni chumvi. Likiwa kavu na ndani mna unga mwekundu, kutu ya zamani haikutolewa. Likiwa limeinuka juu ya bodifila, na bodifila yenyewe imelainika, ilinyonya maji. Likiwa dogo sana, kavu na safi, huenda tina ilinaswa ndani ya rangi iliyopulizwa nene na kwa haraka.

Chumvi inastahili maelezo. Tunaidhania rangi kuwa ukuta, lakini kwa mvuke wa maji rangi ni kama ngozi, hupitisha kidogo kidogo. Chembe ya chumvi iliyobaki juu ya chuma huvuta mvuke huo, hutengeneza tone la maji ya chumvi chini ya rangi, na tone hilo huendelea kuvuta maji mengine mpaka rangi inainuka. Hakuna rangi ya bei yoyote inayoweza kulishinda jambo hilo kwa muda mrefu. Mwenyewe nililipaka upya tangi la CG125 mara mbili kabla ya kulielewa. Mara zote mbili nililisuuza kwa maji ya kisima kilicho karibu na ufuo, na malengelenge yalitokea mahali pale pale, chini ya mshono wa tangi, ambapo maji hayo yalikuwa yanakaa na kukauka. Mara ya tatu nilitumia maji ya mvua, na sikubadilisha rangi wala praima. Tangi hilo lilivuka masika.

Kwa hiyo kagua maji yako. Dondosha matone machache juu ya kipande cha kioo safi, yaache yakauke kivulini, kisha tazama. Yakiacha duara jeupe zito, yana chumvi au chokaa nyingi, na hayafai kwa suuzo la mwisho. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo yanafaa sana, na anayefanya kazi hizi mara kwa mara ana sababu ya kuwa na pipa lake.

Kuondoa chumvi hakufanyiki kwa tina, kwa kuwa tina huyeyusha mafuta lakini haiyeyushi chumvi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, sugua kwa brashi ya nailoni hasa kwenye mishono, chini ya mabano na ndani ya madigadi, suuza, na urudie mara tatu. Msasa upigwe baada ya kuosha, kwani ukitangulia husindilia chumvi ndani ya michirizi. Kisha osha tena. Najua kwamba inachosha.

Mchanga wa ufuoni usitumike kupulizia kutu, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwa sababu mchanga ni wa bure. Una chumvi, ambayo unaipigilia ndani ya chuma kwa nguvu za kompresa. Na mchanga wowote wenye silika, hata uliooshwa, hutoa vumbi linaloharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona. Anayehitaji kupuliziwa vipuri vyake awatafute watu wenye chumba maalumu na punje zisizo na silika, na ahakikishe kwamba vifuniko vya injini vimezibwa njia zote za oili.

Kuhusu bodifila, sheria ni fupi: isipigwe msasa wa maji ikiwa wazi, na isipakwe juu ya praima yenye asidi. Ipake juu ya epoksi iliyokomaa au chuma kilichokwaruzwa, ipige msasa mkavu ukiwa na barakoa, kisha uifunike kwa praima siku hiyo hiyo.

Malengelenge yakishatokea, hakuna njia ya mkato. Sehemu iliyoathirika inabanduliwa mpaka chuma.

Dalili: rangi imekauka na ukungu mweupe

Tina inapogeuka mvuke hupoza uso wa kipuri. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji huganda juu ya rangi mbichi kama umande, na rangi inayong'aa inageuka maziwa. Sababu kubwa ni saa ya kupuliza, na ya pili ni tina inayokauka haraka kupita kiasi. Maji kutoka kwenye tangi la kompresa ndiyo ya tatu, ingawa hayo mara nyingi huacha matone badala ya ukungu.

Kanuni inayotumika katika kazi za rangi ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na joto la metali liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kuganda. Chukua mfano wa hapa kwetu: hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, umande huganda karibu na nyuzi 24, kwa hiyo metali inapaswa kuwa na nyuzi 27 au zaidi. Tangi lililolala juu ya sakafu ya saruji usiku kucha haliko hivyo saa moja asubuhi. Asiye na kipimo aufute uso kwa kitambaa kibichi. Utando wa maji usipokauka ndani ya robo saa, asipulize. Mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na kazi kubwa huziweka katika miezi ya Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha.

Ukungu ukiwa mwepesi, subiri rangi ikauke kabisa na uisugue kwa dawa ya kung'arishia. Mara nyingi hutoka. Kwa rangi ya selulosi unaweza pia kupuliza tabaka jepesi sana la tina ya polepole siku yenye jua, na uso utayeyuka kidogo na kutoa unyevu ulionaswa. Ukiwa mzito mpaka chini, piga msasa na uanze tabaka upya. Fungua pia koki ya chini ya kompresa kila asubuhi. Utashangaa kiasi cha maji yatakayotoka.

Dalili: vishimo vidogo vya duara, rangi inakimbia

Rangi inakataa kukaa mahali padogo padogo na kuacha macho ya mviringo. Ni mafuta. Kwanza fikiria mikono na vitambaa: mafuta ya nazi ya kujipaka, kitambaa kilichofutia mnyororo, shati lenye grisi. Pili, silikoni iliyomo katika dawa za kung'arishia matairi na samani, ambayo ni mkaidi kuliko mafuta yote. Tatu, oili kutoka kwenye kompresa iliyochoka. Puliza hewa tupu juu ya karatasi nyeupe kwa dakika moja na utaiona.

Usiongeze rangi juu ya vishimo, kwa kuwa vitakuwa vikubwa. Acha ikauke, piga msasa mpaka uso uwe sawa, osha kwa sabuni, kisha tumia vitambaa viwili vya pamba: kimoja chenye tina cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla tina haijakauka. Anayetumia kitambaa kimoja huyahamisha mafuta tu. Vishimo vikirudi baada ya usafi wa namna hiyo, banda lenyewe lina silikoni, nalo litahitaji kuoshwa.

Dalili: rangi ya chini inakunjamana mara tu unapopuliza ya juu

Tina kali imeiamsha rangi ya zamani ya mafuta. Kipimo chake ni rahisi na kilipaswa kufanyika mwanzoni: weka kitambaa chenye tina juu ya rangi ya zamani kwa dakika mbili. Ikiyeyuka na kupaka kitambaa, ni selulosi au akriliki. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipobadilika, iliokwa kiwandani au ni ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha rangi), na unaweza kupaka juu yake baada ya kuikwaruza. Sababu nyingine ni kurudia tabaka wakati wa katikati, rangi ikiwa imekauka juu lakini chini bado mbichi. Maelezo ya kopo hutaja muda wa kurudia, nao ufuatwe. Rangi iliyokunjamana hutolewa yote.

Dalili: rangi inatoka kwa mapande kwenye vifuniko vya injini

Alumini ikikwaruzwa hujivika oksidi mpya papo hapo, na rangi ya kawaida haishiki juu ya oksidi hiyo. Karibu kila mara praima yenye asidi au epoksi ya alumini ilirukwa. Wakati mwingine oili iliyojificha katika vinyweleo vya metali hutoka joto linapopanda. Kipashe moto kifuniko kitupu juani au katika jiko lisilopikiwa chakula, kifute, rudia mpaka kisitoe jasho la oili. Silinda na kichwa chake vipakwe rangi ya kustahimili joto, tabaka jembamba, kwa sababu rangi nene juu ya mapezi ya kupoza huzuia joto kutoka.

Dalili: rangi inalainika kuzunguka mfuniko wa tangi

Rangi nyingi za makopo ya kupuliza hazistahimili petroli, na tone moja kituoni hutosha. Kinachostahimili ni klia, ile rangi angavu ya tabaka la juu, ya kuchanganya na hadna. Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri: hadna ya rangi hizo ina isosayaneti, ambayo inaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye chumba cha kupulizia na kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje. Mwenye pumu asikaribie kabisa. Unaweza kufanya maandalizi yote nyumbani ukampelekea tangi likiwa tayari, na gharama itapungua sana.

Kama unyevu wa petroli unatokea chini ya tangi badala ya juu, rangi haihusiki. Kuna tundu la kutu. Usijaribu kulichomelea wala usimruhusu rafiki mwenye mashine afanye hivyo kwa sababu tu tangi "limekaa wazi wiki nzima." Kazi hiyo ni ya mchomeleaji anayejua kuliondolea tangi mvuke kabla ya moto.

Vumbi, machozi ya rangi na uso wenye sura ya ganda la chungwa ni matatizo ya mkono na upepo. Lowesha sakafu kabla ya kupuliza, shika bunduki ya rangi umbali wa sentimita 15 hadi 20, ongeza tina kidogo kama uso ni wa chungwa na ipunguze kama rangi inatiririka. Vikishatokea, subiri ikomae, piga msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, na ung'arishe.

Dalili: kromu ina vidoti vya kutu

Kromu ni ngozi nyembamba juu ya nikeli, na nikeli iko juu ya chuma. Kutu huchomoza kupitia vitundu ambavyo macho hayavioni. Usipige msasa. Kunja karatasi ya foili ya alumini, iloweshe maji, na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo huondoa kutu bila kuchana. Suuza, kausha, paka nta, na urudie nta kila mwezi ikiwa pikipiki inalala karibu na bahari. Kama kromu inabanduka kwa mapande yanayokata vidole, haitashika rangi juu yake, na kuitoa kwa umeme nyumbani huzalisha kromiamu yenye sumu kali ndani ya ndoo ambayo hutakuwa na mahali salama pa kuimwaga. Ipelekwe kwa wenye mitambo ya kromu, hata kama ni safari ya Dar es Salaam. Na kabla ya kuifunga safari hiyo, gonga rimu kwa kipini cha bisibisi kuizunguka yote, ukisikiliza hasa karibu na mashimo ya spoku: mahali panapotoa sauti butu pameliwa kutoka ndani, na rimu ya namna hiyo inabadilishwa, haipakwi.